Nusu Siku Old Moshi Pamoja na Mwongoza Watalii wa Kijijini

Wageni wengi wanaopata nafasi fupi mjini Moshi, kabla au baada ya kupanda mlima, hupelekwa kuona maporomoko ya maji na kunywa kahawa, nao huondoka wameridhika. Ziara hizo ni nzuri. Hata hivyo, kwa mtu mwenye nusu siku tu, na hasa kwa Mtanzania anayetaka kuwafahamu watu wa Kilimanjaro na historia yao, ninashauri aende Old Moshi, akiongozwa na mzaliwa wa huko huko.

Hivi karibuni nilikwenda na wifi yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Mwanza. Tuliondoka mjini mapema, kwa kuwa mlima hupenda kujifunika mawingu jua likipanda, tukapita Kiboriloni na kuanza kupanda barabara ya Kidia. Njiani mwongoza watalii wetu alitueleza asili ya jina la mahali hapa. Huku juu ndiko yalikokuwa makao ya Rindi, mangi, yaani mtawala wa Wachagga wa hapa, na ndiko Wajerumani walikojenga boma lao. Reli kutoka Tanga ilipofika nyanda za chini mwaka 1911, mji mpya ukakua kule kwenye stesheni na kulichukua jina la Moshi, huku milimani kukabaki kuwa Moshi ya zamani.

Kituo kilichotuchukua muda mrefu zaidi ni mti ambao wenyeji wanauonyesha kuwa ndio alionyongewa Mangi Meli, mwana wa Rindi. Mwaka 1892 wapiganaji wa Meli walikishinda kikosi cha Wajerumani na kiongozi wa kikosi hicho akauawa. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na nguvu kubwa zaidi, wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 alinyongwa pamoja na viongozi na wazee wengine, jumla yao watu 19, wakiwamo Mangi Molelia wa Kibosho na viongozi wa Meru na Arusha, kwa tuhuma za kupanga uasi. Inaaminika kuwa kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

“Kaka, sasa familia ilimzikaje?” wifi aliuliza.

“Dada, familia bado inamsubiri,” mwongoza watalii wetu alijibu, kisha akanyamaza.

Alipoendelea alitueleza kuwa mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza matokeo ya vipimo vya vinasaba vilivyoyahusisha baadhi ya mafuvu yaliyohifadhiwa huko na familia za Kilimanjaro zilizo hai, likiwamo la akida aliyekuwa mshauri wa Meli, lakini la Meli mwenyewe halikuwa miongoni mwa yaliyotambuliwa. Naamini kila mwanafunzi wa mkoa huu anapaswa kusimama chini ya mti ule na kusikia habari hii kutoka kwa mtu ambaye ukoo wake unahusika nayo.

Baada ya hapo tulipita kwa miguu vihambani, yaani kwenye mashamba ya Wachagga yaliyozunguka nyumba zao. Migomba imeifunika mibuni, na juu yake imesimama miti mirefu ya kivuli. Katikati yake hupita mifereji iliyochimbwa na mababu ili kuyatoa maji mitoni na kuyafikisha kwenye kila shamba kwa zamu. Wifi, ambaye kwao wanalima pamba kwenye uwanda ulio wazi, alistaajabu kuona ng’ombe wakifugwa ndani na kuletewa majani, na mbolea yao ikirudishwa kwenye migomba. Palipo na mpaka tulioneshwa masale, mmea ambao Mchagga huutumia pia kuombea msamaha, na aliyeletewa jani hilo hukataa kwa shida sana. Kahawa tuliikuta ikikaangwa kwenye chungu na kutwangwa kwenye kinu, kisha tukala mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, kwa mama mmoja jirani wa shamba.

Anayetaka kwenda aepuke miezi ya masika, Aprili na Mei, kwa sababu njia za vihambani huteleza mno, na avae viatu vilivyo imara. Apatane bei na mwongozaji kabla ya kuondoka, aulize ni kiasi gani kitamfikia mwenye shamba na mama anayepika, na aombe kuanzia kwenye mti wa Meli, wakati akili bado haijachoka na hakuna anayekimbizana na chakula cha mchana.