Nilivyobaki namba tano baada ya miaka 35

Watu wakiona beki wa kati, namba tano, mwenye miaka 37 anapanga mstari wa mabeki pale uwanja wa Kirumba, Mwanza, swali la kwanza ni kama ana pumzi. Pumzi ndiyo ya mwisho kuondoka. Kinachoondoka mapema ni kasi ya ghafla, kwa sababu nyuzi za misuli zinazotoa mlipuko hupungua kabla ya zile za kukimbia taratibu kwa muda mrefu. Mkongwe anaweza kumaliza raundi za uwanja wetu mwingine, Nyamagana, mbele ya vijana, halafu mmoja wa vijana haohao akamwacha kwenye pasi moja ya kupenyeza.

Chukua mshambuliaji anayekimbia mita 9 kwa sekunde na beki anayekimbia 8. Kwenye mita 20 kijana anatumia sekunde 2.2, na wakati huo beki amefika mita kama 17.8. Ameachwa mita mbili na kidogo. Kwenye mita 40 pengo ni zaidi ya mita nne, na hapo kilichobaki ni kumwombea kipa. Kwa hiyo kazi yangu yote, uwanjani, jikoni, hata kwenye basi, ni kutafuta hizo mita mbili kabla mpira haujapigwa na kuhakikisha sikimbizwi mita 40.

Kama beki mzee anaweza kudumu, mabeki wa hoki ya barafu walishajibu swali hili zamani. Nicklas Lidström alitwaa tuzo ya beki bora wa NHL, ligi ya Amerika Kaskazini, mwaka 2011 akiwa na miaka 41. Chris Chelios alicheza ligi hiyo mpaka miaka 48, Zdeno Chara mpaka 45. Ila beki wa hoki huingia kwa sekunde 40 hadi 50 akakimbia kwa nguvu zote, kisha anarudi benchi kupumua na mwenzake anaingia. Uwanja wao nao una urefu wa mita 61 tu. Kwetu ukitoka umetoka. Nilichochukua kwao ni kujigawia: mbio chache za nguvu kamili, na kati yake napumzika nikiwa uwanjani. Kwenye soka yenyewe mifano ipo. Paolo Maldini alinyanyua kombe la Ligi ya Mabingwa Ulaya mwaka 2007 akiwa na miaka 38, na Pepe alicheza Euro 2024 akiwa na 41. Kati yao hakuna aliyekuwa anashindana mbio na mawinga.

Mita mbili hupatikana kwa kumtazama mpigaji. Kabla ya pasi ndefu, mpigaji huinua kichwa kutafuta mtu, kisha anainamisha kichwa kuutazama mpira na kuvuta mguu nyuma. Kichwa kikishuka tu, mimi narudi hatua mbili, nimesimama kiupande, bega moja likielekea goli letu. Ukisubiri uone mpira umeondoka mguuni, umechelewa. Kinachowaangusha wakongwe wengi ni kurudi kinyumenyume wakiwa wamemkabili mshambuliaji kifua kwa kifua: ukishapitwa unatakiwa ugeuke mwili mzima, na kugeuka huko kunakula muda. Kiupande unageuka kwa hatua moja. Tena unamwonyesha njia ya nje, kuelekea mstari wa pembeni, ambako hata akikupita bado hajafika golini.

Kugeuza kichwa kumtafuta mshambuliaji nyuma yako nako kuna wakati wake. Fanya hivyo mpira ukiwa njiani kutoka mtu hadi mtu. Ukiwa tayari umetulia mguuni mwa mpigaji, macho yabaki kwake.

Halafu kuna kona zetu. Beki mrefu hupenda kupanda kupiga kichwa, na mashabiki wanampenda kwa hilo. Kona ikiokolewa, anarudi mita 70 kwa kasi, na mbio hiyo ndiyo ilitakiwa imsaidie dakika ya 80. Mimi napanda tu kama kiungo mkabaji amekubali kwa mdomo wake kubaki katikati, tena siyo kila kona. Wenzangu wananiita mzee mvivu, sawa.

Haya yote yanategemea nani yuko pembeni yako. Namba nne, yaani beki mwenzako wa kati, akiwa na kasi na kipa akiwa na ujasiri wa kutoka nje ya boksi, namba tano mzee anaweza kucheza ligi yoyote nchini. Namba nne akiwa mzito kama wewe na kocha anataka mstari ukae karibu na katikati ya uwanja, usisaini. Mimi nauliza kabla ya mkataba: mstari wenu unakaa wapi mkiwa hamna mpira? Jibu likiwa mita 40 kutoka golini, hiyo timu si yangu.

Upande wa mwili, kinachomtoa mkongwe ni kigimbi na misuli ya nyuma ya paja. Kwa paja kuna zoezi la Nordiki: unapiga magoti juu ya kitu laini, mwenzako anakukandamiza vifundo vya miguu, unajiachia mbele polepole mwili ukiwa umenyooka kutoka goti hadi bega, unazuia mpaka unashindwa, unadaka kwa mikono. Tafiti zimeonyesha timu zinazolifanya hupunguza majeraha ya misuli hiyo kwa karibu nusu. Anza na seti mbili za mara tano kwa wiki, upande taratibu hadi tatu. Kosa la kawaida ni kukunja kiuno. Ukikunja, paja halifanyi kazi na unajidanganya. Wiki za mwanzo maumivu ni makali, kwa hiyo usianze wiki yenye mechi ngumu.

Kigimbi nakifanyia kwenye ngazi. Nasimama kwa ncha ya mguu mmoja, napanda kwa sekunde moja, nashuka kwa tatu, mara 12 hadi 15, seti tatu goti likiwa limenyooka, kisha seti mbili goti limekunjwa kidogo, maana kuna msuli wa ndani unaofanya kazi zaidi goti likikunjwa na ndio unaochoka kwenye kukimbia. Ikishakuwa rahisi, naongeza begi la mchanga la kilo 10 mgongoni.

Mwanza imetupa vilima bure. Mbio za mita 30 kupanda pale Capri Point, sita hadi nane, na kushuka kwa kutembea, hujenga nguvu bila kuivuta sana misuli ya nyuma ya paja, kwa kuwa kilima hakikuruhusu ufikie kasi ya juu kabisa. Ila kigimbi kinalipa bei, kwa hiyo mwenye kigimbi kibovu aanze na nne. Usishuke ukikimbia, magoti ya miaka 37 hayasamehi. Kilima peke yake hakitoshi. Mara moja kwa wiki lazima ukimbie kasi karibu ya mwisho kwenye tambarare, mita 30 mara nne hadi sita, ukipumzika dakika mbili au tatu kila moja. Wakongwe wanaiogopa mbio hii, wanaiacha, halafu mara ya kwanza mwili kukutana na kasi hiyo ni ndani ya mechi. Paja linachanika hapo.

Mechi ikiwa Jumapili, Jumatatu ni baiskeli dakika 20 au 30, Jumanne nguvu na Nordiki, Jumatano mpira wa kawaida nikitoka mapema, Alhamisi mbio za kasi, Ijumaa mbinu, Jumamosi kupasha tu. Misuli inahitaji saa 48 hadi 72 baada ya mechi. Kijana anaweza kuzifupisha, sisi hatuwezi. Wiki yenye mechi mbili, moja naanzia benchi, na tangu sheria ya kubadilisha wachezaji watano iwe ya kudumu mwaka 2022, kocha hana sababu ya kukataa.

Nyasi bandia za Nyamagana zinahitaji njumu za meno mafupi na mengi. Meno marefu ya nyasi za kawaida hunasa, mguu unabaki, goti linageuka. Mchana wa jua zile punje nyeusi za raba zilizo kati ya nyasi hupata moto sana, kwa hiyo mazoezi ya kasi ni asubuhi. Kirumba wakati wa mvua ni kinyume: hapo meno marefu ndiyo salama, na mstari unarudi nyuma zaidi kwa sababu kugeuka kwenye tope kunachukua muda mrefu zaidi.

Baada ya mazoezi utaona vijana wanaingia ziwani hadi mapajani kupoza miguu. Usiingie. Maji ya kina kifupi yenye majani ndiko wanakoishi konokono wa kichocho, na vimelea hupenya ngozi bila wewe kusikia. Tumia pipa la maji ya bomba, tia barafu inayouzwa kwa watu wa samaki, kaa dakika 10 hadi 15. Fanya hivyo baada ya mechi, si baada ya mazoezi ya nguvu, kwa kuwa baridi hupunguza ujenzi wa misuli.

Chakula, kwa mtu wa kilo 80, lenga protini gramu 128 hivi kwa siku, ukizigawa milo mitatu au minne. Nyama ya sato iliyopikwa gramu 200 inakupa kama 50, dagaa wakavu gramu 50 wanakupa 30, mayai mawili 12, maziwa nusu lita 16. Maharage na ugali vinamalizia. Kosa la wengi hapa ni kula samaki wote usiku na kushinda mchana na chai na chapati. Jipime kabla na baada ya mazoezi: kilo moja iliyopungua inarudishwa na maji lita moja na nusu, yenye chumvi kidogo.

Safari ya Dar es Salaam kwa basi inapita kilomita 1,000, na huko unashuka kwenye joto na unyevu wa pwani. Nakaa kiti cha kando ya njia, nasimama kila saa, naenda mara 20 juu na chini kwa ncha za miguu nimeshika kiti, na njiani nakula matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na ndizi badala ya chipsi. Timu ikifika usiku wa kuamkia mechi, namwambia kocha wazi kwamba nina dakika 60.

Kila mwezi napima mita 30 kwa saa ya mkononi, mtu yuleyule akishika saa. Muda ukiongezeka kidogo, naongeza hatua moja ya kurudi nyuma. Dalili ninayoiogopa zaidi iko kwenye mechi: nimesoma pasi mapema, nimerudi kwa wakati, nimesimama vizuri, na bado napitwa. Ikitokea mara moja ni siku mbaya. Ikijirudia mechi tatu mfululizo, naomba nihamishiwe katikati ya mabeki watatu, ambako kuna mtu kila upande na mita za kukimbia ni chache. Na hapo nikipitwa tena, mkataba unaofuata sisaini.