Bega la shangazi yangu lililogeuzwa

Shangazi alipovunjika bega na kuambiwa kwamba atawekewa la bandia, wengi nyumbani tuliuliza kwa nini mifupa isiungwe kwa bamba na skrubu, kama mguu uliovunjika. Jibu lilikuwa kwenye picha ya eksirei. Kichwa cha mfupa wa mkono kilikuwa kimechomoka mahali pake na kugeukia kwapani, na vipande viwili vidogo vinavyoshikwa na kano za bega vilikuwa vimevutwa kila kimoja upande wake. Kichwa kilichotengana hivyo hukosa damu na huweza kufa hata kikikazwa vizuri, na mfupa wa mtu mzima wa umri wake haushiki skrubu kwa uimara.

Tangu miaka ya 1950, daktari mpasuaji Charles Neer wa New York alipoanza kuwawekea waliovunjika bega kichwa cha chuma, kiungo bandia kilifuata umbo la asili. Kilipunguza maumivu, lakini vile vipande vidogo visipounga, mkono haukupanda. Katika miaka ya 1980, Mfaransa Paul Grammont aliugeuza mpangilio: tufe akalifunga kwenye mfupa wa bega, na kikombe akakiweka juu ya mfupa wa mkono. Kwa kugeuza huko, msuli mkubwa unaofunika bega huweza kuuinua mkono hata kano zikiwa zimekatika, na kwangu mimi huo ni ubunifu wa kustahili heshima kubwa.

Msuli huo lazima uwe hai. Kabla ya upasuaji daktari alimpapasa shangazi kwa pamba upande wa nje wa bega, kisha akamwomba aukaze, kwa kuwa mshipa wa fahamu unaouendesha hupita jirani na kiungo na huumia kwa urahisi bega linapochomoka.

Si kila bega lililovunjika huhitaji kisu. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wengi waliofungwa mkono tu walipona sawa na waliopasuliwa. Lakini mabega yaliyovunjika na kuchomoka kwa pamoja hayakuhusishwa.

Sasa shangazi hufikisha mkono kichwani na kujichana mwenyewe. Kufunga vifungo vya nyuma ya gauni bado ni kazi, na daktari alikwisha kutueleza kwamba bega la namna hii hufika mgongoni kwa shida. Mazoezi anaendelea nayo, naye huyafanya bila kusukumwa.