Shubiri ya ukili iliyolegea

Ijumaa, baada ya magharibi

Bi mkubwa wa kitanda cha dirishani alifariki Jumanne, saa kumi kasoro robo usiku. Saa moja na nusu asubuhi nilikuwa nimesimama mbele ya wenzangu wa zamu ya mchana, daftari mkononi, nasoma: kitanda namba sita amefariki, jamaa wameshamchukua. Nikaendelea na namba saba, aliyekuwa na homa. Hakuna aliyeniuliza kitu, na mimi sikusema. Godoro lilikuwa limeshafutwa kwa dawa na shuka safi limetandikwa. Kabla ya adhuhuri akalazwa mtu mwengine.

Kule kwao wakati huo huo watu walikuwa wanajaa. Majirani wanakuja na mikeka, wanaume wamekwenda kuchimba kaburi, mashoga zake wanateka maji ya kumkosha. Kila anayeingia anawapa mkono wafiwa na kuwaombea subira. Mimi nilikaa na mama yule siku kumi na tisa. Nilimgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia, nilimfuta midomo kwa pamba yenye maji, nilimshika mkono wa kushoto wakati bintiye anamlakinia shahada upande wa kulia. Nilipotoka kazini nilipanda gari ya shamba, nikateremka kwetu, nikabandika chungu. Simlaumu mtu. Ada zetu zinajua pa kumweka mjane, yatima, hata jirani. Nesi hahesabiwi katika wafiwa.

Nimelibeba jambo hili miaka kumi na moja. Mgonjwa wangu wa mwanzo kufariki alikuwa mvuvi, na nilijifungia chooni nikalia. Mkuu wangu wa wakati ule alinikuta, akanambia nesi halii, ukilia leo kesho hutoiweza kazi. Naamini alinitakia kheri, na yeye ndivyo alivyofunzwa. Lakini nilimsikiliza mno. Nilijizoeza kutolia hadi siku moja nikajikuta namwita mzee wa watu "namba tatu" mbele ya mkewe. Yule mama hakunigombeza. Alinitajia jina la mumewe, taratibu, kama anayemfunza mtoto kutamka, kisha akanitazama kuona kama nimelishika.

Baadaye nilisoma kwamba Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya maradhi iliyopitishwa mwaka 2019, limeutaja uchovu wa namna hii. Halikuuita maradhi. Limesema ni kitu kinachozaliwa na shida za kazini zilizodumu bila kushughulikiwa, na alama zake ni tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kujiona huna unaloliweza tena. Nilipofika kwenye ile ya pili nilifunga simu. Nilimkumbuka mke wa namba tatu.

Kazi yetu hii, tiba shufaa, yaani kumpunguzia maumivu mgonjwa asiyetarajiwa kupona, aliyeifungulia njia ni Cicely Saunders, mwanamke wa Kiingereza aliyeanza kama nesi kabla ya kuwa daktari, akafungua St Christopher's, nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa, kule London mwaka 1967. Alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa si ya mwili tu: yamo ya moyo, yamo ya jamaa anaowaacha, yamo ya roho. Mgonjwa tunamuuliza yote manne. Natamani siku moja mtu atuulize na sisi.

Watu hudhani kinachotumaliza ni vifo. Kwangu mimi sivyo. Mtu akiondoka bila maumivu, jamaa wamemzunguka, Yasini inasomwa, narudi nyumbani miguu imechoka lakini moyo umetulia. Kinachonimaliza ni maumivu ninayojua kuyaondoa na sina cha kuyaondolea.

Mama yule alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Alishapanda meli bandari ya Mkoani, huku kwetu Pemba, kwenda Unguja, akavuka tena hadi Dar es Salaam, akapigwa mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani, akarudi na kusema hatoki tena kisiwani. Alitaka kufa kwao. Maumivu ndiyo yaliyomleta kwetu, na mofini ya maji ndiyo iliyompa nafuu. Si dawa ya mashaka kuitoa: unampimia kidogo kila baada ya saa nne, na unampa pamoja nayo dawa ya kulainisha choo kwa sababu inafunga. Tabu yake ni khofu. Bintiye alisikia mtaani kwamba hiyo ndiyo ya kumalizia watu, na ilinibidi nikae naye barazani mara mbili, nimweleze kwamba kipimo kikiwa sawa dawa haimuui mama yake, inampa usingizi aliokuwa hana. Siku ya tatu mama aliomba ukili wake uletwe.

Alikuwa msukaji wa mikeka. Bintiye alileta ukindu uliokwisha tiwa rangi, zambarau na kijani, na pindi ya ukili aliyoianza kabla hajaugua sana. Akasuka akiwa ameegemea mto, bila kutazama vidole, akinihadithia mambo ya mavuno ya karafuu ya utotoni mwake. Wagonjwa wengine wakageuza vichwa vitandani mwao wamsikilize.

Ijumaa dawa ilikwisha. Ilikuja Jumapili adhuhuri. Katikati kulikuwa na mausiku mawili, na yote mawili nilikuwa zamu mimi. Hakupiga kelele. Aliushika ukili, akasuka, akaacha, akashika tena. Kila nikipita aliniuliza, "Mwanangu, bado?" Namjibu, "Bado, mama." Nilimbadilisha mkao, nilimkanda mgongo, nilimpa vidonge tulivyokuwa navyo, vile vya maumivu madogo. Usiku wa pili hakuuliza tena. Alisema, "Basi kaa hapa kidogo." Nikakaa kidogo kweli, maana tulikuwa wawili kwa wodi nzima.

Kwa hiyo nikisikia habari za ustawi wa wauguzi, akili yangu haiendi kwenye semina wala kwenye zile hotuba za tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi, ingawa sizikatai. Inakwenda stoo ya dawa. Uganda tangu mwaka 2004 imewaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuandika mofini wenyewe. Husemwa kwamba hilo ni jambo la wagonjwa, na ni kweli. Lakini mimi nikimfikiria nesi anayebisha hodi kijijini akiwa na chupa mkobani na idhini ya kuitumia, namwona mtu atakayelala usiku ule.

Usiku wa Jumatatu vidole vya mama vilianza kutembea kwenye pindo la shuka. Vinashika, vinapitisha juu, vinapitisha chini. Skuli ya uuguzi tulifunzwa kwamba anayekaribia kufa huweza kuchezea nguo za kitanda, na hayo ndiyo maelezo yake. Lakini yule mvuvi wangu wa zamani alikuwa akivuta kamba, mkono mbele ya mkono, na huyu alikuwa anasuka. Bintiye aliniuliza anafanya nini. Nikamwambia anasuka. Akatabasamu kwa mara ya mwanzo tangu magharibi.

Msichana niliyekuwa naye zamu ana miezi minane tangu atoke chuoni. Alikuwa hajawahi kufiwa na mgonjwa mikononi mwake. Jumatano niliingia kazini nikamkuta anapanga mabomba ya sindano, anayapangua, anayapanga upya. Nikamuuliza kama kalala. Akasema, "Dada, nikifumba macho naona vidole." Maneno niliyoambiwa mimi kule chooni yalinijia mdomoni, yako tayari kabisa. Nikayameza. Wakati wa kukabidhiana zamu niliwaomba wenzangu kabla ya ripoti tumtaje mama kwa jina lake. Tukamtaja, tukamuombea. Mmoja akasema alikuwa akipenda chai ya mchaichai isiyo sukari. Mwengine akasema alimtolea dua mtoto wake anayefanya mtihani. Yule msichana hakusema kitu, ila aliyaacha mabomba. Haikufika dakika tano, na wagonjwa hawakupungukiwa na lolote.

Halafu nikamwendea mkuu wetu wa wodi, nikamwambia tunataka kwenda khitma, sisi wawili. Nilikuwa nimejiandaa kubishana. Akaangalia ratiba, akasema zamu ya msichana ataishika mwenyewe mpaka turudi, na akatupa na nauli. Nimefanya kazi chini ya wakuu wengi. Sikumbuki jambo lililonipa nguvu kama lile.

Jana basi tukenda. Nilichukua na pindi ya ukili, ilisahauliwa kabatini kwenye vurugu ya usiku ule. Majamvi ya karafuu yalikuwa yameanikwa njia nzima, na nyumbani kwao ubani ulikuwa umeshafukizwa. Tulitaka kukaa mlangoni pamoja na wageni.

Bintiye aliupokea ukili kwa mikono miwili, akaukunjua magotini, akaupitisha kidole gumba. Ulikuwa umebana, ukucha haupenyi. Kisha, kiasi cha shubiri moja, ukalegea. Rangi zimepishana ovyo, pengine pana matundu. Kisha ukabana tena, safi kama mwanzo, karibu shubiri nyengine, na baada ya hapo ni ncha tupu.

"Hapa kafanyaje?" akaniuliza.

Nikamwambia kweli. Hapa dawa ilikwisha. Na hapa ni Jumapili, ilipokuja.

Hakunijibu. Kidole kilirudi pale palipolegea kikatulia hapo kwa muda. Kisha akainua uso akawaambia shangazi zake, "Mpisheni nesi akae huku ndani na sisi. Na yeye kafiwa."

Wakasogea. Mwenzangu alianza kulia kabla hajakaa vizuri, na bibi mmoja nisiyemjua akamvuta kifuani, akamfuta kwa pindo la kanga yake. Mimi nikaletewa juzuu ya kumi na mbili. Nikaifungua, nikaanza kusoma.