Jina Ambalo Mama Halitamki

Siku chache kabla ya Tet, mwaka mpya wa Kivietinamu, Hanoi ilijaa pikipiki zilizobeba matawi ya mpichi yenye maua, kutoka Nhật Tân. Mimi, mwanafunzi niliyepanga chumba kwa mama mmoja mtu mzima, nilikuwa namsaidia kusugua vyombo vya madhabahu ya wazee wao waliotangulia. Nilimwita bác, kama anavyoitwa aliyewazidi wazazi wako umri.

Mabinti zake walikuwa watatu: Mai, Lan na Cúc. Mai, akanieleza, ndilo ua la kufungulia mwaka. Lan ni okidi, huota bondeni likanukia hata asipokuwepo wa kulitazama. Cúc ni ua la majira ya vuli. Hunyauka palepale kwenye kikonyo, lisidondoke. Angezaliwa wa nne angekuwa Trúc, mwanzi, na kundi lingetimia.

"Na lako?"

Nikajibu kwa maringo: Asumini. Hoa nhài.

Mabinti wakaangua kicheko. Kumbe nhài hunukia usiku, basi watu wakalihusisha na wanawake wa usiku, na wengi hawaliweki madhabahuni. Tena wana msemo: nhài lililochomekwa kwenye mavi ya nyati, yaani binti mzuri aliyepata mume asiyemfaa. Nikajitetea kwa kikuba, kwa kitanda cha bibi harusi. "Usiku uleule!" wakacheka zaidi.

Nikaongeza: "Ni jina la bibi yangu, mzaa baba."

Kicheko kikakatika. Kwao jina la mzee halipewi mtoto. Bác akanitajia Hoa, mama wa mfalme Thiệu Trị; Hoa maana yake ni ua. Kwa kulikwepa jina hilo, soko la Đông Hoa kule Huế likawa Đông Ba, mkoa wa Thanh Hoa ukawa Thanh Hóa, na watu wa kusini hadi leo ua huliita bông.

"Sasa mama yako akikugombeza, anamgombeza nani?"

Nilifungua mdomo nibishe, nikakwama. Mama hajaniita Asumini hata siku moja. Atamtajaje mkwewe? Kwake mimi ni Bibi. Bibi njoo ule. Bibi, umevunja sahani tena!

Nikamsimulia. Bác akatikisa kichwa taratibu, akafuta mikono. "Mama yako ana adabu," akasema, akavuta birika.

Chai yenyewe ilikuwa ya nhài.