Kito aliponing'inia kwa mzee Simba

Nilimleta Kito, mbwa mdogo, nyumbani Himbi, hapa Goma, akiwa na wiki 8. Nikafikiri mbwa wetu mzee, Simba, mwenye miaka 11, atamlea. Hapo ndipo nilipokosea. Siku kumi tu na Kito akawa mkia wa pili wa Simba: mzee akitoka nje, mtoto analia, chukudu (skuta ya mbao ya kubebea mizigo) ikipita imebeba makaa, anakojoa kwa woga.

Daktari wa mifugo akanikumbusha kwamba muda wa mbwa mdogo kuizoea dunia ni mfupi, takriban wiki ya 3 hadi ya 14. Chanjo hazijakamilika, kwa hiyo sikumweka chini. Nilimbeba mgongoni kwa kitenge (majirani walicheka sana) mpaka barabarani, bila Simba. Pikipiki, chukudu, watu wenye miavuli. Kila kelele, kipande cha sambaza kavu, samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Akitetemeka, tunasogea mbali kidogo.

Usiku wakalala vyumba tofauti. Simba akinguruma sikumkaripia tena: ndivyo anavyosema "basi", na Kito alimwelewa yeye haraka kuliko mimi.

Wiki ya nne nikamkuta Kito barazani peke yake, amelala, chukudu zinapita.