"Ukifa leo usiku, unaenda wapi?"

Dada akipika sato Jumapili, najua mjadala hautakosekana. Mumewe ni mzee wa kanisa AIC (Africa Inland Church), Mprotestanti, mimi ni Mkatoliki wa kuhudhuria jumuiya kila wiki, na sebule yao pale Igogo, Mwanza, ni ndogo, hakuna pa kukimbilia. Jana hata mikono hatujanawa, shemeji akaanza: "Shemeji, ukifa leo usiku, unaenda wapi?"

"Natumaini kwa Mungu."

"Natumaini? Mtu akikuuliza kama umeoa, utamjibu natumaini?"

Dada alicheka mpaka akaacha mwiko kwenye sufuria. Mimi nilicheka pia, lakini usiku swali lilinikalia.

Huku kwetu ukigusia tofauti ya Wakatoliki na Waprotestanti, utaambiwa haraka haraka kwamba wale wanatafuta mbingu kwa matendo na hawa kwa imani. Sisi tunaonekana kama watu wanaolipa mbingu kwa rozari na zaka. Wao tunawasingizia kwamba ukishainua mkono kwenye mkutano wa Injili pale viwanja vya Furahisha, basi, fanya utakalo. Yote mawili ni uzushi. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki ulioitishwa kujibu hoja za Martin Luther, aliyeanzisha Uprotestanti, na wenzake, ulitoa mwaka 1547 hati yake juu ya kuhesabiwa haki, yaani jinsi mwenye dhambi anavyokuwa mwenye haki mbele za Mungu. Kanuni ya kwanza kabisa ya hati hiyo inamlaani anayesema mtu anaweza kuhesabiwa haki kwa matendo yake mwenyewe bila neema ya Mungu kwa njia ya Yesu Kristo. Naye Luther hakuwahi kufundisha imani ya kukaa bure. Kwake matendo mema ni tunda, na imani isiyozaa aliiona si imani.

Tofauti ipo, lakini iko ndani zaidi. Kwa Luther, Mungu anamtangaza mwenye dhambi kuwa mwenye haki kwa sababu ya haki ya Kristo, na mtu huyo anabaki mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Trento ikasema neema haiishii kutangaza, inaingia na kumgeuza mtu awe mwenye haki kweli. Haki hiyo inaweza kukua kwa matendo yanayofanywa ndani ya neema, na inaweza kupotea kwa dhambi ya mauti, yaani dhambi nzito. Hapo ndipo linapotokea neno mastahili, yaani matendo mema yanayostahili tuzo mbele za Mungu, ambalo shemeji hataki hata kulisikia. Nilimwambia Mtakatifu Augustino alishafundisha kwamba Mungu akiyatuza mastahili yetu anatuza zawadi zake mwenyewe. Akatikisa kichwa, akafungua Waefeso 2 na kusoma aya ya 8 na ya 9 kwa sauti ya mimbari: "wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu." Nikamwomba asome na ya 10, inayosema tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Akaisoma, ila kwa sauti ya chini kidogo.

Kumbe kinachotutenganisha pale mezani ni kujua. Shemeji anajua ameokoka, na anaitaja siku yenyewe. Trento nayo ilikataa kwamba mtu anaweza kujua kwa hakika isiyo na shaka kuwa atadumu mpaka mwisho, isipokuwa Mungu amfunulie kwa namna ya pekee. Kwa hiyo "natumaini" yangu haikuwa kigugumizi, ndivyo nilivyofundishwa.

Halafu si Waprotestanti wote wanaosimama pale aliposimama shemeji. Walutheri wanabatiza watoto wachanga na wanakubali kwamba imani inaweza kupotea. Wafuasi wa Calvin, mwanamageuzi mwingine wa Kiprotestanti, wanasema mteule wa kweli hapotei. Jirani yangu Mama Neema, mlokole anayeuza dagaa Mwaloni, anasema ameokoka kwa hakika kabisa, lakini Ijumaa hakosi kesha kwa kuogopa kurudi nyuma. Nikimsikiliza vizuri, naona ananikaribia mimi kuliko shemeji, ingawa ukimwambia hivyo atakukemea kwa jina la Yesu.

Lilipotuuma kweli ni kwenye msiba wa mama. Dada alihamia AIC alipoolewa, sisi wengine tulibaki. Ulipofika wakati wa misa ya kumwombea mama huko Ukerewe, shemeji alitoa hela ya mchele, akakodi viti, akasimamia hata turubai. Bahasha ya nia ya misa ilipomfikia, aliipitisha bila kuweka kitu. "Chakula nachangia," alisema, "lakini mama ameshafika au hajafika. Misa haitabadilisha." Kaka yetu mkubwa alikasirika sana. Mimi sikuweza kumkasirikia. Kama wokovu umekamilika siku ile ulipoamini, toharani, kule tunakoamini roho hutakaswa kabla ya kuingia mbinguni, haina kazi. Kama neema bado inamsafisha mtu, basi hata marehemu anastahili kuombewa. Alikuwa anafuata imani yake mpaka mwisho wake, na kwa adabu.

Baada ya mlo wa jana nilimsimulia habari za Augsburg, Ujerumani, ambako tarehe 31 Oktoba 1999 Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja: tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa kumwamini Kristo, si kwa stahili yetu yoyote, na Roho Mtakatifu anatufanya upya na kutuita kwenye matendo mema. Wamethodisti waliungana nalo 2006, makanisa ya Kireformati, yale ya mkondo wa Calvin, 2017. Hakuwa na habari nalo. Nikamtafsiria na sehemu inayohusu hakika ya wokovu. Wakatoliki wanasema pale kwamba hakuna anayeruhusiwa kuitilia shaka huruma ya Mungu, ila mtu akijitazama udhaifu wake anaweza kuwa na wasiwasi juu ya wokovu wake.

"Sasa hapo tatizo si Mungu," alisema shemeji, "tatizo ni wewe."

"Ndiyo, shemeji. Ndicho ninachokueleza siku zote."

Aliniomba nimwandikie vifungu hivyo kwa Kiswahili. Leo asubuhi nimemtumia kwa WhatsApp, na mchana akajibu: cha kwanza amekipa amina, cha pili ameuliza, "Na mama je, naye bado ana wasiwasi?"

Sijamjibu. Nitamjibu Jumapili, dada ameshasema kuna sangara.