Mzee wa Uhuru Park na Kamera ya Luthuli

Mpwa wangu amenitumia picha za kamera mbili kuukuu. "Mjomba, nichukue ipi? Pesa niliyo nayo ni hii tu." Mojawapo ni Nikon D90. Nikajikuta nacheka peke yangu ndani ya matatu, abiria wa kando akanitazama vibaya.

Kamera yangu niliinunua Luthuli, barabara ya maduka ya vifaa vya elektroniki jijini Nairobi, kabla ile barabara haijakarabatiwa mwaka 2019, siku zile ukivuka unaomba Mungu. Nilikuwa nimeshaamua moyoni: Nikon D3100. Ilitoka 2010, D90 ni ya 2008. Ina megapikseli 14, mwenzake 12. Hesabu gani tena? Lakini nilikwenda na Mzee, yule yule wa Uhuru Park aliyewapiga picha nusu ya wachumba wa Eastlands, na Mzee hakuniuliza nimeamua nini.

Wala hakuuliza bei. Aliichomoa lenzi ya D3100, akawasha tochi ya simu, akaimulika kwa nyuma. "Tazama. Unaona nini?"

"Vumbi."

"Pembeni, kijana. Pembeni."

Nikainamisha kichwa. Kwenye ukingo wa kioo, ndani kabisa, kulikuwa na nyuzi nyeupe nyembamba zilizotambaa kama mizizi ya mche.

"Hiyo ni kuvu. Leo iko pembeni, kesho iko katikati."

"Mzee, hiyo inafutika," akasema muuzaji. Mzee akafanya kana kwamba hajasikia. Aliomba lenzi nyingine, ile 50mm f/1.8D ya zamani iliyokuwa imelala rafuni, akaifunga kwenye D3100, akabonyeza. Kimya. Akaihamishia kwenye D90, akabonyeza tena: *zzz-zzz*, lenzi ikajizungusha yenyewe. D90 ina mota ya kulenga ndani ya bodi. D3100 haina, inategemea lenzi yenye mota yake. Na zile lenzi za zamani zisizo na mota ndizo maskini tunazozimudu. Hapo megapikseli zangu mbili za ziada zikaanza kunitoka akilini.

Tukatoka mlangoni. Akaiweka D90 kwenye f/22, tundu la lenzi dogo kabisa linalofichua vumbi la ndani, akapiga anga tupu, akaikuza ile picha. Vidoa vyeusi vitatu. Akapuliza ndani kwa kipampu cha mpira, akapiga tena, vikabaki viwili. "Hivi vinasafishika." Kisha tukapanda saiba ya ghorofani, kusoma kwenye faili la picha kamera imeshafyatuliwa mara ngapi: elfu thelathini na kitu. Shata ya D90, kile kipazia kinachofunguka kila ukipiga, ilijaribiwa kiwandani hadi mara 100,000. "Bado kijana huyu," akasema Mzee.

Mengine ni ya kawaida: kubishana bei, M-Pesa, Mzee akapata ya chai, mimi nikaanza kupiga harusi za watu wasionidai picha nzuri.

Muda ukapita, nikarudi pale kutafuta betri. Muuzaji akanikumbuka. "Mzee wako mzima? Mwambie alete wateja wengine, sehemu yake ipo." Sehemu gani? Akashangaa kwamba sijui. Na ile D90, akaongeza kwa furaha, ilikuwa imemkalia kabatini hadi akaichoka, kila kijana anataka mpya.

Nilitembea hadi Uhuru Park nikipanga maneno. Lakini kuvu niliiona kwa macho yangu, mota niliisikia kwa masikio yangu, na kamera ilikuwa begani inafanya kazi. Hasira yangu hata sikujua niishike upande gani.

Nilimkuta akifuta lenzi kwa pindo la shati, jambo alilonikataza mimi. Nikamwambia yote.

"Kwani nilikudanganya wapi?"

Nikatafuta. Nikakosa.

"Na betri umenunua ngapi?"

Nikamtajia bei. Akasikitika, tena kwa dhati. "Ungenipigia simu kwanza."